Chungu hiki kinajaa, kile kinakauka: kupanga matone kwa mimea ya ndani iliyo kwenye kokopiti

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina vyungu vinane vya lita sita ndani ya nyumba, vyote nimevijaza kokopiti. Vitano ni pilipili na nyanya ndogo chini ya taa, viwili ni mrihani, kimoja ni monstera. Kazi hunisafirisha siku nne hadi tano kwa mkupuo, kwa hiyo nilinunua mpira, dripa za kudondosha maji lita 2 kwa saa, pampu ndogo ya tangi la samaki na taima ya kuzungusha kwa mkono. Ndoo ya maji ya mbolea nimeipandisha juu ya rafu ili maji yashuke kwa urahisi. Vyungu vitatu vinapata maji, vingine hata tone hakuna. Pampu ikizimika maji yanaendelea kutoka mpaka sakafu inalowa. Maji yanayoingia kwenye visahani huwa nayaacha, mmea uyanywe tena. Sasa ncha za majani ya pilipili zinaungua ingawa kokopiti ina unyevu. Nimekosea wapi, na niwashe pampu dakika ngapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hilo la dakika ngapi ndilo karibu kila mtu huanza nalo, na nitalijibu kwa hesabu ya vyungu vyako mwenyewe. Ila dakika zozote nitakazokutajia zitakuwa kazi bure ikiwa dripa tano kati ya nane zimegoma. Tena kuna jambo linaloumiza mimea yako hata sasa hivi, nalo ni yale maji ya visahani. Tuanzie hapo.

Umeona ajabu kwamba kokopiti ina unyevu na bado majani yanaungua. Ukiielewa kokopiti, ajabu inaisha. Hii ni makumbi ya nazi yaliyosagwa. Hushika maji mara nyingi kuliko uzito wake, na hata ikishiba hubaki na nafasi ya hewa ambamo mizizi hupumua. Kwa sababu hiyo mmea unaweza kumwagiliwa mara tano kwa siku bila kuoza, jambo ambalo kwenye udongo wa bustani uliotiwa chunguni lingeua mizizi upesi. Lakini makumbi hayana chakula cha kutosha cha kuulisha mmea, kwa hiyo chakula karibu chote kinaingia na maji unayomwagilia. Taa zikiwaka na hewa ikiwa kavu, mmea huvuta maji mengi na kuacha nyuma sehemu ya chumvi za mbolea. Chumvi hizo zisipopata maji ya kuzisukuma nje kupitia matundu ya chini, hujilimbikiza siku hadi siku, mpaka mizizi inashindwa kuyavuta maji yanayoizunguka. Mmea unaona kiu huku umesimama majini. Ncha za majani huungua kwanza kwa kuwa ndiko safari ya maji inakoishia na chumvi zinakobaki.

Sasa fikiria kisahani. Maji yaliyotoka chini ya chungu yamebeba chumvi ambazo mmea haukuzihitaji. Unapoyaacha pale, kokopiti inayafyonza tena kutoka chini, na kila duru yanarudi yakiwa makali zaidi. Nia yako ilikuwa njema, kutopoteza maji, lakini kwenye kokopiti maji yaliyokwisha kutoka hayarudi. Inua kila chungu juu ya vipande vya mbao au vigae, sentimita 3 hivi, ili kitako chake kisiguse maji, na visahani uvimwage. Maji hayo yanafaa sana kwa miti ya nje, yakichanganywa na maji safi.

Kwa pilipili zilizokwisha kuungua, fanya hivi leo au kesho. Tengeneza maji ya mbolea mepesi, nusu ya nguvu unayotumia siku zote, umimine polepole lita 6 hadi 12 kwa kila chungu, kwa vipindi, ukiacha yachuruzike yote. Mimi nisingetumia maji matupu. Makumbi yana tabia ya kung'ang'ania kalsiamu na magnesiamu, na ukiyasuuza kwa maji matupu unauacha mmea na upungufu wa vitu hivyo hivyo viwili. Majani yaliyoungua hayatapona. Tazama yale machanga yanayochipua baada ya wiki moja.

Hapo hapo nikuulize: kabla ya kupanda, matofali ya kokopiti uliyaosha tu, au uliyalowesha kwenye kalsiamu? Makumbi kwa asili yana potasiamu na sodiamu nyingi, na yale yaliyolowekwa kwenye maji ya chumvi kiwandani huwa nayo zaidi. Kuosha kwa maji kunaondoa chumvi zilizo huru, ila zile zilizojishika kwenye nyuzi hazitoki mpaka zipishane na kitu kingine. Wakulima wanaojua hulowesha kokopiti mpya kwenye kalsiamu naitreti, gramu 1.5 hadi 2 kwa kila lita ya maji, saa 12 mpaka 24, kisha huichuja na kuisuuza. Kalsiamu inashika nafasi, potasiamu na sodiamu zinaachia. Usipofanya hivyo, kazi hiyo hiyo itafanyika ndani ya chungu chako kwa gharama ya mmea: unaweka kalsiamu, makumbi yanaidaka, jani jipya linatoka limekunjamana. Kwa vyungu ambavyo tayari vina mimea, tumia mbolea iliyoongezewa kalsiamu na magnesiamu wakati wote, si mara moja moja. Kwa kokopiti utakayonunua baadaye, anza na kulowesha.

Tuje kwenye dripa. Chukua moja uifungue taratibu. Ukiona ndani kuna kiwambo chembamba cha mpira laini, basi ni dripa inayojirekebisha presha, na ukizisoma dalili zako naamini ndivyo ilivyo. Ni dripa nzuri sana. Shambani humwagilia mteremko mzima kwa usawa. Lakini ili kiwambo kile kifanye kazi, dripa nyingi za aina hii zinahitaji presha ya bar 0.5 hadi 1. Bar 1 ni sawa na maji yaliyosimama kwa kimo cha mita 10 na zaidi kidogo. Pampu ya samaki iliyoandikwa kwamba inapandisha maji mita 1.5 inatoa bar 0.15 tu, hata kama kwenye boksi imeandikwa lita 600 kwa saa. Zile lita 600 ni wingi wa maji bila mzigo, na wingi haugeuki kuwa presha. Ukijumlisha na kimo cha rafu bado hufiki. Zile dripa tatu zinatoa kwa sababu ziko chini zaidi au zilitengenezwa legelege kidogo. Zingine zimebanwa na hewa na maji hayana nguvu ya kuitoa.

Una njia mbili, nazo zote ni za haki.

Ya kwanza ni kuibakisha pampu yako na kuachana na dripa. Umwagiliaji wa matone wa kisasa ulianza na wazo ambalo linakufaa hapa. Mhandisi wa Israeli, Simcha Blass, ambaye ubunifu wake ulizaa kampuni ya Netafim mwaka 1965 kwa kushirikiana na kibutzi (kijiji cha ushirika) ya Hatzerim, hakutegemea tundu dogo, kwa maana tundu dogo huziba upesi. Aliyapitisha maji kwenye njia ndefu iliyo nyembamba, na msuguano wa safari ile ndio uliopunguza kasi yake. Nawe unaweza kufanya vivyo hivyo: weka kichwa kimoja cha kugawia maji, utoe humo mirija minane yenye tundu la ndani la milimita 4, yote ya urefu ule ule kabisa. Chungu kilicho karibu nacho kipate mrija mrefu, unaobaki uukunje. Urefu ukiwa sawa na midomo yote ikiwa kwenye kimo kimoja, maji yanagawanyika kwa usawa wa kuridhisha hata kwa presha ndogo. Shida yake ni pale vyungu vinapokuwa kwenye vimo tofauti. Kwa presha ndogo namna hii, tofauti ya sentimita 30 tu inatosha kukipendelea cha chini.

Ya pili ni kubaki na dripa na kubadili pampu, nayo ndiyo ningekuchagulia kama vyungu vyako haviko kwenye usawa mmoja. Tafuta pampu ndogo ya kiwambo ya volti 12, ile inayotumika kwenye magari ya kulala na boti, yenye swichi yake ya presha. Hutoa bar 3 au zaidi bila taabu. Kuna kero moja usiyoweza kuijua mpaka ikukute: pampu hizi husukuma lita 4 au 5 kwa dakika, na dripa zako zote pamoja hazihitaji hata nusu lita kwa dakika. Basi inajaza mpira, inajizima, inawaka, inajizima, kwa mpigo wa haraka unaochosha pampu na masikio. Dawa yake ni kutoa tawi moja la mpira mara baada ya pampu na kulirudisha ndani ya tangi, likiwa na valvu ndogo. Fungua valvu kidogo kidogo mpaka pampu ifanye kazi mfululizo huku dripa zikitoa vizuri. Tawi hilo linakupa na faida nyingine: linakoroga maji ya mbolea kila pampu inapowaka.

Wengine watakuambia lazima ufunge mpira mkuu uwe duara ili presha ilingane. Kwa mpira wa milimita 16 na vyungu vinane, haina haja. Weka kizibo cha kufungua kwenye ncha ya mwisho, ukifungue mara moja kwa mwezi maji yatoe uchafu, yatosha.

Sasa ile sakafu inayolowa. Ndoo ikiwa juu kuliko dripa, maji yakishaanza kupita mpirani hujivuta yenyewe hata pampu ikizimwa, mpaka ndoo iishe au mpira upate hewa. Usidhani pampu ya kiwambo itayazuia. Valvu zake huzuia maji kurudi nyuma, kwenda mbele huyaachia. Shusha tangi sakafuni, usawa wa maji uwe chini ya dripa iliyo chini kuliko zote, hata tangi likiwa limejaa. Hilo peke yake linamaliza tatizo, na ningependa ulifanye kabla ya jingine lolote kwa sababu ndilo linaloweza kukuharibia nyumba. Ukibaki na pampu ya kuzamisha, maji ya mpirani yatarudi tangini kila inapozimika, na dripa zitavuta hewa pamoja na vumbi la kokopiti. Kwa hiyo dripa zisilale ndani ya kokopiti. Zishikilie kwa vijiti, mdomo uwe sentimita 2 juu. Zipo pia dripa zinazojifunga zenyewe presha ikishuka. Kama unanunua upya, chukua hizo.

Kuhusu tangi sitakuchosha. Liwe la rangi nzito lisilopitisha mwanga, liwe na mfuniko, kwa sababu maji ya mbolea yakipata mwanga huota mwani ndani ya siku chache na mwani huo utaishia kwenye dripa. Mdomo wa kufyonza uwe sentimita 3 hadi 5 juu ya kitako cha tangi. Weka chujio la mikroni 130 kabla ya mpira mkuu, ulioshe kila wiki. Mbolea iwe ya chumvi zinazoyeyuka kabisa. Maji ya samadi, molasi na mbolea za samaki ni chakula kizuri kwa mmea, lakini kwenye dripa ni gundi. Na mbolea za sehemu mbili, A na B, kamwe usizichanganye zikiwa nzito. Kalsiamu ya upande mmoja ikikutana na salfeti au fosfeti ya upande wa pili hufanya unga mweupe usioyeyuka. Mimina A kwenye tangi lililojaa maji, koroga, ndipo utie B. Mwisho kabisa rekebisha pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, iwe kati ya 5.5 na 6.2. Kwa pilipili na nyanya zilizoshika vizuri anza na EC (kipimo cha wingi wa chumvi za mbolea majini, kwa mS/cm) ya 1.6 hivi, miche midogo nusu ya hapo.

Jambo ambalo hukuliuliza lakini linakusumbua: mimea yako hailingani njaa wala kiu. Monstera iliyo mbali na taa inaweza kukaa siku kadhaa ikiwa radhi na maji ya mara moja, huku nyanya yenye matunda ikimaliza chungu chake mchana mmoja. Ukiifunga monstera kwenye taima ya nyanya utaichosha kwa maji na mbolea kali. Ningeiondoa kwenye mpira kabisa, niimwagilie kwa mkono kabla ya safari na baada ya safari, kwa EC ya 0.8 hadi 1. Siku tano haitalalamika. Mrihani uache kwenye mpira, ila uupe dripa moja wakati pilipili na nyanya zina mbili mbili. Hivyo taima moja inawahudumia wote na kila mmoja anapata fungu lake. Dripa mbili zikae pande mbili zinazotazamana, katikati ya shina na ukingo wa chungu, kamwe si kwenye shina lenyewe.

Kabla ya kuamini dripa yoyote, ipime. Weka kikombe chini ya kila moja, washa pampu dakika 10, kisha upime kwa mililita. Dripa ya lita 2 kwa saa inatakiwa itoe mililita 333 hivi. Tofauti ya mililita 30 kati ya moja na nyingine ivumilie. Ile inayotoa 200 ing'oe, uiloweshe kwenye maji ya asidi ya sitriki, na isipobadilika uitupe. Rudia kipimo hiki kila baada ya miezi miwili. Najua ni kazi ya kuchosha, kuinama na vikombe kumi na viwili, lakini dripa haizibi kwa siku moja. Hupungua kidogo kidogo, na jicho halioni mpaka jani linyauke.

Haya, dakika. Hakuna jedwali linaloweza kukuambia, na wanaokutajia namba bila kujua taa zako, joto la chumba na ukubwa wa mmea wanabahatisha. Mizani ya jikoni inaweza. Mililita 1 ya maji ina uzito wa gramu 1, basi uzito unaopotea chunguni ni maji yaliyokunywewa na kukauka. Mwagilia pilipili moja mpaka ichuruzike, subiri nusu saa, ipime. Tuseme ina kilo 4.9. Iache bila kumwagilia siku nzima ya taa na usiku wake, uipime tena saa ile ile. Tuseme sasa ina kilo 4.3. Zimeondoka gramu 600, yaani mililita 600 kwa siku.

Unataka kurudisha hizo 600 na kuongeza kidogo ili maji ya asilimia 10 hadi 20 yatoke chini yakiwa yamebeba chumvi. Dripa mbili za lita 2 zinatoa mililita 67 kwa dakika. Dakika 10 zinatoa 667: mia sita zinabaki, sitini na saba zinatoka, hiyo ni asilimia 10. Dakika 12 zinatoa 800, na inayotoka ni robo, ambayo ni nyingi kwa siku za kawaida. Kwa hiyo anza na dakika 10 kwa siku, lakini usizitoe kwa mkupuo mmoja. Zigawe mara 5, dakika 2 kila mara. Kila mlo unakuwa mililita 133, kiasi cha asilimia 2 ya chungu cha lita sita, na hapo ndipo kokopiti inapofanya kazi yake vizuri: inaloa, inapitisha hewa mpya, inaloa tena. Ukimimina zote pamoja, sehemu kubwa itapita haraka ubavuni mwa chungu kabla makumbi hayajaifyonza, nawe utaona maji kwenye kisahani ukadhani chungu kimeshiba.

Hesabu hiyo ni ya leo. Mmea ukiongezeka majani, utakunywa zaidi. Pima tena kila baada ya wiki mbili, na mapema zaidi nyanya zikianza kubeba. Pima mmea unaokunywa kuliko wote na mmoja wa wastani, utafute namba ya katikati, kisha anayetofautiana sana mpe dripa ya ziada au umpunguzie moja.

Mlo wa kwanza uwe saa moja hadi mbili baada ya taa kuwaka, mmea ukishaanza kuvuta. Huo wa kwanza kwa kawaida hautoi maji chini, kwa kuwa unajaza kilichopungua usiku. Yanayofuata ndiyo yanayosukuma. Wa mwisho uwe saa moja au mbili kabla ya taa kuzimika. Usiku acha chungu kipungue kidogo, mizizi ipate hewa. Lakini usikiache kikauke kabisa kwa kufuata ushauri wa mimea ya udongo. Kokopiti ikikauka, chumvi zilizomo zinakuwa kali ghafla, na makumbi husinyaa yakaachana na ukuta wa chungu. Maji yatakayokuja yatashukia kwenye ufa huo.

Umeona basi kwa nini taima yako ya kuzungusha haifai. Nyingi za namna hiyo hupanda kwa vipande vya dakika 15, na dakika 15 kwa dripa mbili ni lita moja kwa mlo. Tena umeme ukikatika saa mbili, nayo inachelewa saa mbili, na milo inahamia usiku. Nunua ya kidijitali yenye betri yake ndani, inayokubali dakika moja moja au sekunde, na yenye nafasi ya angalau mipango minane kwa siku. Vile vipima unyevu vya bei ndogo vinavyochomekwa chunguni usivikabidhi uamuzi. Vinavyopima kwa ncha mbili za chuma hudanganywa na chumvi za mbolea, na baada ya muda ncha zenyewe huliwa na kutu.

Mara moja kwa wiki, kusanya maji yanayotoka chini ya pilipili moja uyapime EC. Kama unaweka 1.6 na yanatoka 1.8 au 2.0, uko vizuri. Yakifika 2.6, chumvi zinajikusanya: ongeza mlo wa sita kwa siku chache, au punguza mbolea tangini. Yakitoka chini ya unachoweka, mmea una njaa. Kama utanunua kipimo kimoja tu mwaka huu, kiwe cha EC.

Upande wa usalama, nakuomba usinipuuze. Umeme na maji viko chumba kimoja. Adapta ya pampu na taima vikae juu, ukutani, mbali na mahali ambapo mpira ukichomoka ungerusha maji. Waya ushuke kwanza chini ya soketi kisha upande, ili tone linalofuata waya lidondoke kabla ya kuingia. Soketi iwe kwenye saketi yenye kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampea 30. Na tangi lisiwe kubwa kupita mahitaji, wala lisiunganishwe moja kwa moja na bomba la nyumba. Mpira ukipasuka, mafuriko yako hayawezi kuzidi kilichomo tangini. Mimi niliwahi kusafiri siku tatu nikakuta mrija mmoja umechomoka kwenye kijiti chake, maji yote ya chungu kile yamekwenda sakafuni, na mmea niliokuwa nimeulea miezi saba umekauka mpaka shina. Tangu siku hiyo kila mrija naufunga kwa kamba ya plastiki kwenye ukingo wa chungu, na kila kiungo cha mpira nakivuta kwa mkono kabla ya kuondoka.

Hesabu ya tangi kwa safari yako: pilipili na nyanya tano kwa mililita 667 ni lita 3.3 hivi, mrihani miwili yenye dripa moja moja ni lita 0.7. Jumla lita 4 kwa siku, lita 20 kwa siku tano. Ongeza zile ambazo pampu haiwezi kuzifikia chini, na akiba ya siku mbili. Tangi la lita 35 au 40 linatosha. Maji ya mbolea usiyaweke zaidi ya wiki; pH huhama, hasa chumba kikiwa na joto. Visahani navyo vitapokea kama mililita 70 kwa siku kwa kila chungu, kwa hiyo trei yenye kina cha kushika lita moja, chungu kikiwa kimeinuliwa, itakufikisha mpaka urudi.

Usiufunge mfumo Ijumaa ukasafiri Jumamosi. Uache ufanye kazi wiki nzima ukiwa nyumbani, bila wewe kugusa chungu chochote, hata kama mkono unakuwasha. Pima uzito siku ya kwanza na siku ya saba, saa ile ile. Uzito ukibaki pale pale au ukipanda kidogo kwa sababu mmea umekua, ondoka. Chungu kinachopungua siku hadi siku kina dripa iliyoziba au kinahitaji ya ziada. Kinachoongezeka uzito huku mmea haukui, chunguza kitako chake kama matundu yameziba.

Ukishapata uzito wa pilipili moja na nyanya moja, asubuhi na asubuhi ya pili yake, niandikie pamoja na saa ambazo taa zako zinawaka na EC ya maji yanayotoka chini. Nitakupangia milo ya wiki zako mbili za kwanza.